Acheni Kwanza Hiyo Th

Mtu mzima anayejifunza Kiingereza Afrika Mashariki ahangaike na konsonanti zake ngumu, au aseme kwa lafudhi aliyokulia nayo na wanaomsikiliza wamzoee? Nimewatunga wasemaji watatu walijadili jambo hili, na kila mmoja nimempa jina la kazi yake kwa sababu kazi ndiyo iliyomfikisha kwenye hoja yake. Mwalimu alifundisha Kiingereza katika sekondari za Tanga mpaka akastaafu. Muuguzi anatoka Mwanza, na anajiandaa kwa mtihani wa Kiingereza ili aombe kazi Uingereza. Mhudumu ni kijana wa Nyeri anayepokea simu za wateja wa ng'ambo mjini Nairobi. Mimi nitaingilia pale jambo litakaponigusa, na nasema mapema kwamba nina upande: naamini sauti hizi zinafundishika, na naamini tunazifundisha vibaya.

MHUDUMU: Naanza kwa kukataa. Sisi tuliosoma Kenya tunalijua neno kushrabu. Mtoto akilitia r neno lenye l, au akaanza "bed" kwa mb, darasa zima linaangua kicheko, na mwalimu naye anacheka. Kikuyu hakina l, Mwalimu. Na b ya Kiingereza kwetu huja imeshikana na m. Yule mtoto ametumia sauti alizozinyonya kwa mama yake, basi. Anachojifunza siku hiyo ni kukwepa maneno. Mimi nilikuwa najua jibu na mkono sinyooshi, kwa sababu jibu lenyewe lina l ndani yake. Leo mtu akiniambia nirudi kwenye ulimi ule ule niunyooshe, namuuliza: kwa faida ya nani?

MWALIMU: Pole, mwanangu. Lile halikuwa somo. Lakini nikuulize: kati ya wote waliokucheka, yupo aliyekuambia ulimi wako uende wapi?

MHUDUMU: Hakuna.

MWALIMU: Basi usiseme ulifundishwa l ukashindwa. Hebu tujaribu. Weka ncha ya ulimi kwenye ufizi, nyuma tu ya meno ya juu. Iache hapo hapo, usiiondoe. Sasa toa sauti, pumzi ipite kandokando ya ulimi. Endelea mpaka pumzi ikuishie. Hiyo ni l. R yetu ya Kiswahili, kimadende, inagonga ufizi na kuondoka upesi. R ya Kiingereza haigusi popote: ncha inainuka, inabaki hewani, na midomo inajikusanya kidogo. Ukizijua kazi hizi tatu, unaweza kujisahihisha ukiwa peke yako chumbani. Bila kuzijua, utabaki unakisia.

MUUGUZI: Na hilo la l na r haliko Nyeri tu, kaka. Kwetu Kanda ya Ziwa nimewasikia watu wazima wakizungumzia mahali ya bibi harusi, wana maana ya mahari. Uchaguzi ukifika, mtu anahimizwa akapige kula. Mwanafunzi anaazima karamu aandikie. Lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi sauti hizi mbili, na Kiswahili kinazitenganisha. Kwa hiyo tatizo tunalo kabla hata Kiingereza hakijaingia darasani. Ila kwenye Kiswahili tunaelewana tu, tunapita.

MWALIMU: Tunapita, na bei yake tunailipa mbele.

MUUGUZI: Lakini mimi kinachonikosesha usingizi ni th. Kwenye kozi ya maandalizi tumeshinda siku nyingi tukitoa ndimi nje, kila mtu na kioo chake. "Think", "thank", "three". Nikisoma taratibu naipata. Nikianza kuongea kwa kasi inarudi kuwa s.

MWALIMU: Niambie thelathini.

MUUGUZI: Selasini.

MWALIMU: Dhahabu.

MUUGUZI: Zahabu.

MWALIMU: Umeona? Th ya "think" ndiyo th ya thelathini, ya thamani, ya themanini. Th ya "this" ndiyo dh ya dhahabu na ya fedha. Mtoto wa Tanga au wa Unguja anaingia darasani nazo zote mbili mdomoni. Wewe ulisamehewa kwenye Kiswahili miaka yote ya shule, sasa unazitafuta kwenye kioo kwa lugha ya watu. Anza na thelathini na fedha, maneno unayoyatumia sokoni kila siku. Ulimi ukizoea huko, Kiingereza kitakuta njia imeshafunguliwa. Na wewe wa Nyeri, ukiwa nyumbani unautajaje mji wa Thika?

MHUDUMU: Kwa Kikuyu? Inatoka kama dh.

MWALIMU: Basi sauti ya kwanza ya "this" unayo tangu ukiwa mtoto.

Hapa naingia, kwa sababu hili ndilo linaloniuma zaidi katika ufundishaji wetu. Mwanafunzi wa Kiingereza anachukuliwa kama mtu aliyekuja na mdomo mtupu. Vitabu vingi vinavyotufikia viliandikwa kwa ajili ya ulimwengu mzima, na Mfaransa au Mjapani kweli hana th. Mswahili anayo. Waingereza hutofautisha "singer" na "finger": katika neno la kwanza sauti ya kati haina g, katika la pili g inasikika. Wageni wengi huhangaika sana hapo, na kwetu ni tofauti ya ng'ombe na ngoma, ambayo mtoto wa miaka minne anaijua. Kazi inayobaki ni ndogo: kuizoesha ng' ikae mwishoni mwa neno bila kuitilia irabu nyuma, "sing" isiwe singi.

Au chukua p, t na k. Mwanzoni mwa neno Mwingereza huzitoa na mpumuo, pumzi kali inayofuata sauti inapoachiliwa. Shika kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo, useme "pin" kama yeye: karatasi inaruka. Sema "spin": inatulia. Asiyetoa pumzi hiyo akisema "pack", sikio la Mwingereza linaweza kusikia "back". Na mpumuo wenyewe upo pwani yetu. Kimvita cha Mombasa hutofautisha p'aa, yule mnyama wa mwituni, na paa la nyumba, kwa pumzi hiyo hiyo. Mwalimu yeyote wa Kiingereza aliye Mombasa ana mfano bora kuliko wote vitabuni, amekaa nao dawati moja.

MHUDUMU: Sawa, tunazo. Lakini bado hamjanijibu kwa faida ya nani. Jennifer Jenkins, mtaalamu Mwingereza, aliandika kitabu mwaka 2000 kuhusu matamshi ya Kiingereza kama lugha ya mataifa. Alichunguza mazungumzo ya wageni kwa wageni, aone ni sauti zipi zikikosewa watu wanapotezana. Th haikuwemo. Waliosema s, t au f badala yake walieleweka. Na nani asiyejua kwamba wakazi wengi wa London wenyewe husema "fink"? Waairishi wengi hutia t. Watoto wa Kiingereza huipata th karibu mwisho kabisa, wengine wakiwa wameshaanza shule. Hata marubani wameiacha! Kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, zinaagiza tatu itamkwe "tree" redioni na elfu itamkwe "tousand". Ndege inashushwa salama bila th, sisi tunalazimishwa kutoa ndimi mbele ya vioo.

MWALIMU: Kitabu hicho nami nimekisoma, mwanangu, na umenisomea nusu yake. Jenkins ameiacha th iende, kweli. Lakini karibu konsonanti nyingine zote amezibakiza. Amebakiza mpumuo wa p, t, k. Amebakiza urefu wa irabu, kwa sababu ndio unaotenganisha "leave" na "leaf". Amekataza kudondosha konsonanti zilizofuatana mwanzoni mwa neno. L na r hajamsamehe mtu. Nakubali maneno yake juu ya th, na nakubali hadharani, mimi niliyeitolea jasho darasani miaka mingi. Th isubiri. Hayo mengine hayasubiri.

MUUGUZI: Kwa hiyo ile i tunayoitia?

MWALIMU: Ipi?

MUUGUZI: "Milk" tunasema miliki, "desk" tunasema deski. Mkufunzi wetu hataki kabisa kuisikia.

MWALIMU: Silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, ndiyo maana ulimi wetu hauoni raha neno likikatikia kwenye konsonanti. Jenkins anasema kuongeza irabu kunadhuru kidogo kuliko kudondosha konsonanti. Mtu akisema "deski" ataeleweka. Akisema "des", msikilizaji hajui ni nini. Na ninyi mnaojitahidi sana kuiondoa ile i, mara nyingi mnaondoka na k pamoja nayo. "Asked" inabaki "as". "Months" inabaki "man". Mwanafunzi akiwa hatarini kupoteza moja, heri abaki na i yake kwa muda.

Urefu wa irabu unastahili maelezo zaidi, maana wengi wetu tunaufikiria kama jambo la pembeni. Katika "cab" na "cap", Mwingereza haitamki b ya mwisho kwa nguvu. Mara nyingi karibu haina mghuno wowote. Kinachomjulisha msikilizaji ni irabu iliyotangulia: mbele ya sauti ghuna kama b hurefuka, mbele ya sighuna kama p hukatwa. Kwa hiyo anayeshindwa na b ya mwisho asiibane midomo kwa nguvu zaidi. Aivute ile a. Nimeshuhudia watu wakihangaika na herufi ya mwisho kwa juhudi kubwa, kumbe ufunguo uko herufi moja nyuma.

MUUGUZI: Mimi nirudi wodini, maana huko ndiko ninakokwenda. Muuguzi mkuu akinipa maagizo kwa haraka kuhusu sampuli, anataka niikusanye, "collect", au anataka nisahihishe maandishi yake, "correct"? Kuna "fifteen" na "fifty", miligramu 15 na miligramu 50: msisitizo ukihama na ile n ya mwisho ikipotea, mgonjwa amepewa dozi nyingine. Ndiyo maana tunafundishwa kutaja tarakimu moja moja, moja-tano, tano-sifuri. Kaka anasema wasikilizaji watuzoee. Mgonjwa mwenye maumivu hana nafasi ya kunizoea. Baraza linalosajili wauguzi Uingereza linataka alama 7 za kuzungumza kwenye mtihani wa IELTS, na matamshi ni kigezo kimoja kati ya vinne vyenye uzito sawa. Lakini hata mtihani huo usingekuwepo, bado ningetaka "collect" yangu iwe "collect".

MHUDUMU: Hilo silipingi, dada. Ninachopinga ni kingine. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar, waliwasikilizisha watu sentensi ndogo za maarifa ya kawaida, zikisomwa na wenye lugha na zikisomwa na wageni. Zilizosomwa kwa lafudhi ya kigeni ziliaminiwa kidogo zaidi. Waliambiwa kabisa kwamba msomaji anasoma tu alichopewa, bado wakaona sentensi haina ukweli sana! Mimi nakaa na hilo kwenye simu. Mteja ameelewa kila neno nililomwambia, halafu anaomba aongee na mtu mwingine. Hapo tatizo la ulimi wangu ni lipi? Ninaambiwa nivae lafudhi ya Marekani, na jina nibadilishe, niwe Kevin kuanzia saa mbili usiku. Hayo nayo mnayaita matamshi?

MWALIMU: Hapana. Hayo siyaiti matamshi.

Mhudumu amesema kweli, na nataka ukweli huo usipite haraka. Murray Munro na Tracey Derwing, wataalamu wa Kanada, walionyesha mwaka 1995 kwamba lafudhi na kueleweka ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito mno na kila neno lake likaandikwa sawasawa na msikilizaji. Kozi nyingi za matamshi zinazouzwa mijini kwetu huahidi kuondoa lafudhi, yaani zinauza kile ambacho mwanafunzi hakihitaji. Anachohitaji ni kwamba anachokisema ndicho kifike. Mteja anayemkataa mtu aliyemwelewa ana kasoro yake mwenyewe, na hakuna zoezi la ulimi wa kijana wa Nyeri litakaloitibu.

MUUGUZI: Mwalimu, nina swali ambalo kwenye kozi naona aibu kuliuliza. Wakati mwingine ulimi naujua uende wapi, lakini nikisikiliza mzungumzaji mwenye kasi sisikii kama amesema l au r. Masikio yangu yana tatizo?

MWALIMU: Masikio yako ni mazima. Yamefunzwa kazi nyingine.

Jambo hili limechunguzwa sana kwa Wajapani, ambao lugha yao, kama zetu nyingi, haitenganishi l na r. Patricia Kuhl na wenzake walitoa matokeo mwaka 2006: watoto wachanga wa Japani na wa Marekani, wakiwa na miezi 6 hadi 8, walizitambua sauti hizo kwa kiwango kimoja. Walipofika miezi 10 hadi 12, wa Marekani walikuwa wamezidi kuzitambua na wa Japani wamepungua. Mtoto hajatamka neno, na sikio limeshachagua cha kushika na cha kuacha. Kwa hiyo mtu mzima anayeambiwa "sikiliza vizuri" anaombwa kitu ambacho sikio lake liliacha kukifanya kabla hajajua kutembea.

Lakini sikio hufundishika upya. Mwaka 1991 Logan, Lively na Pisoni wa Chuo Kikuu cha Indiana walieleza mafunzo waliyowapa Wajapani watu wazima: jozi za maneno ya l na r, zikitamkwa na wasemaji kadhaa tofauti, na baada ya kila jibu mwanafunzi anaambiwa papo hapo kama amepata au amekosa. Wasemaji wengi ndio siri yenyewe, maana anayefunzwa kwa sauti ya mtu mmoja anaishia kumjua mtu huyo. Mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake wakaonyesha jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote haya: waliofunzwa kusikia tu, bila zoezi lolote la kutamka, walianza kutamka vizuri zaidi. Ulimi ulilifuata sikio. Sasa fikiria darasa letu, lenye mwalimu mmoja, sauti moja, na mara nyingi mwalimu huyo naye l na r zinampotea. Tanzania mtoto wa shule ya serikali husoma msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakutana na fizikia kwa Kiingereza. Rwanda walihamia Kiingereza mashuleni kwa uamuzi wa mwaka 2008, na Kinyarwanda nacho hakitenganishi sauti hizi. Hakuna kokote kati ya hapo nilipoona ratiba yenye kipindi cha kusikiliza.

MHUDUMU: Kwetu tunapimwa matamshi kwa kalamu. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, ina sehemu ya stadi za mazungumzo. Unaandika neno linalotamkwa sawa na jingine, unachagua lenye herufi isiyosikika. Nilifanya vizuri sana sehemu ile, na mdomo sikuufungua.

MWALIMU: Ndiyo maana nikisikia mtu anataka matamshi yatungiwe mtihani, namuuliza mtihani wa aina gani.

MHUDUMU: Wa mdomo nao nauogopa, Mwalimu. Mtahini ataketi pale, mtoto wa Kisumu aseme "fis" kwa sababu Kijaluo hakina sh, mtoto wa Nyeri aseme r pasipo pake, na alama zitolewe kwa anayefanana na mtoto wa mjini. Itakuwa kushrabu kwa muhuri wa serikali.

MUUGUZI: Kaka ana haki ya kuogopa.

MWALIMU: Basi mtahini msimweke. Mpeni mwanafunzi orodha ya jozi: "collect" na "correct", "glass" na "grass", "leave" na "leaf", "pack" na "back". Achague moja kutoka kila jozi asimwonyeshe mtu, aitamke. Mwenzake aketi upande wa pili amempa mgongo, aandike alichosikia. Kikiandikwa kilichosemwa, alama ni ya wote wawili. Hakuna anayeulizwa lafudhi yake ni ya wapi. Na wenzi wabadilishwe kila mara, wa pwani akae na wa bara, Mjaluo na Mkikuyu, ili sikio lipate sauti nyingi kama wale Wajapani.

MHUDUMU: Na isipoandikwa sawa? Amekosa aliyesema au aliyesikia?

MWALIMU: Wakati huo haijulikani, na haina haja. Wote wanarudia, ila safari hii msemaji anaanza kwa kueleza ulimi wake ulikuwa wapi.

MUUGUZI: Mimi nina karatasi hapa. Kaka, nipe mgongo uandike.